Miezi miwili ya Arusha: uchambuzi wa kanuni ambayo wananchi hawakuelezwa

Tarehe 15 Machi 2012, Kitengo cha Rufani cha Mahakama ya Afrika Mashariki kilihitimisha shauri la Mlima Elgon, magharibi mwa Kenya, bila kugusa swali la nani alimtendea nani nini. Madai yalikuwa mazito. Shirika la Kenya linalowaunganisha madaktari na wanasheria, IMLU, lilidai kwamba kati ya 2006 na 2008 wakazi zaidi ya 3,000 wa eneo hilo waliuawa, waliteswa au walitendewa ukatili na watu wa vyombo vya dola, na kwamba Serikali ya Kenya haikuzuia, haikuchunguza wala haikuwafikisha wahusika mbele ya sheria. Majaji wa rufani hawakusema madai hayo ni ya uongo. Walisema yamechelewa.

Shauri lilikuwa limefunguliwa 2010. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unatoa miezi 2 ya kufungua shauri.

Nataka kuichambua kanuni iliyolifunga shauri hilo: ilikotoka, inavyofanya kazi, na kwa nini maelezo mengi tunayowapa wananchi kuhusu Jumuiya yanaipita kando. Wasomi wa sheria wameandika juu yake kwa miaka mingi, na wengi wao wanaikosoa. Wameandika kwa Kiingereza, katika majarida yanayosomwa na wasomi wenzao. Mjumbe wa baraza la kijiji ambaye watu wake wameondolewa kwenye ardhi leo asubuhi hana njia ya kuufikia utafiti huo, na kuanzia leo asubuhi siku zake zimeanza kuhesabiwa.

Kanuni ilizaliwa kwenye ugomvi wa uchaguzi

Mkataba uliosainiwa Arusha tarehe 30 Novemba 1999, na ulioanza kutumika 7 Julai 2000, haukuwa na kikomo hiki. Ibara ya 30 ilimruhusu mtu yeyote anayeishi katika nchi mwanachama kupeleka mahakamani sheria, kanuni, agizo, uamuzi au kitendo cha nchi au cha taasisi ya Jumuiya, kama kinakiuka Mkataba. Hapakuwa na tarehe ya mwisho.

Mwaka 2006 Kenya ilitakiwa kupeleka wabunge 9 kwenye Bunge la Afrika Mashariki. Ibara ya 50 inasema Bunge la kila nchi ndilo litakalowachagua. Majina ya Kenya yalipitia kamati ya shughuli za Bunge, wabunge wenyewe hawakupiga kura. Profesa Peter Anyang' Nyong'o, mwanasiasa wa Kenya, na wenzake wakafungua shauri Arusha, yaliko makao ya mahakama, na tarehe 27 Novemba 2006 mahakama ikatoa zuio: wale 9 wasitambuliwe mpaka shauri lisikilizwe. Bunge jipya lilikuwa karibu kuzinduliwa, na wakuu wa nchi walikuwa njiani kwenda kwenye mkutano wao.

Siku 3 baadaye, tarehe 30 Novemba, Mkutano wa Wakuu wa Nchi ukaagiza Mkataba urekebishwe. Tarehe 14 Desemba marekebisho yakasainiwa. Ilipofika Machi 2007, Kenya, Uganda na Tanzania, ambazo wakati huo ndizo zilizokuwa wanachama, zilikuwa zimekwisha kuyaridhia. Mahakama iligawanywa kuwa na Kitengo cha Awali na Kitengo cha Rufani. Sababu za kumwondoa jaji ziliongezwa. Na Ibara ya 30 ikapata kifungu kipya, ambacho kwa Kiswahili cha kawaida kinasema hivi: shauri lifunguliwe ndani ya miezi 2 tangu sheria ilipotungwa, jambo lilipochapishwa, au agizo, uamuzi au kitendo kilipofanyika, na kama hayo hayapo, tangu siku mlalamikaji alipopata habari.

Wiki 2 kati ya agizo na saini. Ibara ya 150, inayoeleza namna ya kuurekebisha Mkataba, inampa Katibu Mkuu siku 30 za kuzipelekea nchi mapendekezo, na nchi zipate mpaka siku 90 za kutoa maoni. Utaratibu huo umewekwa kwa makusudi ili jambo la namna hii lisipite kwa haraka. Mimi naamini kama siku hizo zingetumika, mtu fulani mahali fulani, wakili wa mkoani au mwalimu wa uraia, angeuliza swali rahisi: mwananchi atajuaje kwamba siku zake zimeanza kuhesabiwa?

Vyama vya mawakili viliuliza, lakini baada ya jambo kwisha. Chama cha Wanasheria wa Afrika Mashariki, pamoja na vyama vya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, vilifungua shauri namba 3 la 2007 kupinga marekebisho hayo. Hukumu ilitoka Septemba 2008, na kwangu hukumu hiyo ndiyo kiini cha kisa chote. Mahakama ilikubali kwamba wananchi hawakushirikishwa. Ilikubali kwamba kufanya hivyo kulivunja kanuni ya Ibara ya 7 kwamba Jumuiya hii msingi wake ni watu. Kisha ikayaacha marekebisho yasimame. Iliamua kwamba sharti la kuwashirikisha wananchi litumike kwa marekebisho yajayo.

Kwa hiyo tuna kanuni ambayo mahakama yenyewe imetamka kwamba iliingia bila wananchi kushirikishwa, na kanuni hiyohiyo inawataka wananchi waijue tangu siku ya kwanza ya madhila yao.

Inavyofanya kazi

Rudi Mlima Elgon. Chanzo cha mgogoro kilikuwa ardhi, hasa mradi wa makazi wa Chebyuk, na kundi lenye silaha la Sabaot Land Defence Force (SLDF) lilianza kuua na kutesa watu kuanzia 2006. Machi 2008 jeshi liliingia kwa operesheni iliyoitwa Okoa Maisha. Baada ya hapo ndipo malalamiko dhidi ya wanajeshi na polisi yalipoongezeka. Ushahidi wa mateso haukusanywi kwa wiki 8. Lazima madaktari waone makovu, familia zitafute waliopotea, watu waliojificha wapate ujasiri wa kusema.

Kitengo cha Awali kiliuona ugumu huo. Juni 2011 kilikataa pingamizi la Serikali, kwa hoja kwamba kutochunguza na kutoshtaki si tukio la siku moja ambalo unaweza kulihesabia miezi. Ni hali inayoendelea. Serikali ikakata rufani, na hapo ndipo mlango ulipofungwa. Kitengo cha Rufani kilisema Mkataba hauna nafasi ya ukiukwaji unaoendelea, na haumpi jaji uwezo wa kuongeza muda, kwa maneno ya wazi wala kwa kudokeza. Hesabu inaanza na kitendo au uamuzi wa kwanza unaolalamikiwa. IMLU waliomba uamuzi upitiwe upya. Machi 2013 ombi lao likakataliwa.

Uamuzi huo ndio unaoongoza mpaka leo, na umeyakuta mashauri mengi. La bomba la mafuta ghafi ni mfano mmoja. Bomba hilo la kilomita 1,443, kutoka Hoima nchini Uganda hadi Chongoleani, Tanga, linapita mikoa 8 ya Tanzania. Mashirika 4 ya Uganda, Kenya na Tanzania yalifungua shauri Novemba 2020. Tarehe 29 Novemba 2023 Kitengo cha Awali kililitupa: makubaliano kati ya Uganda na Tanzania yalisainiwa Mei 2017, na walalamikaji walipaswa kufika wakati huo. Walalamikaji walikata rufani, lakini kwa somo letu hapa uamuzi wa awali unatosha. Maswali ya mazingira, ya ardhi na ya fidia hayakujadiliwa.

Jambo ambalo msomaji wa kawaida hawezi kulibuni mwenyewe ni hili. Mahakama ya Afrika Mashariki haikudai uanze na mahakama za nyumbani. Kwenye vyombo vya haki za binadamu vya Umoja wa Afrika lazima kwanza umalize njia za ndani ya nchi. Arusha hapana, unaweza kwenda moja kwa moja. Maelezo yote mepesi kuhusu mahakama hii huitaja sifa hiyo, na ni sifa kweli. Lakini ukiiunganisha na miezi 2, maana yake inageuka: ukianza nyumbani, huenda Arusha ukakukosa kabisa.

Na watu huanza nyumbani. Ndivyo tulivyofundishwa na ndivyo adabu inavyotaka. Unakwenda kwa mtendaji, unaandika barua kwa mkuu wa wilaya, unasubiri majibu, unamwona mbunge. Nchini Tanzania, anayetaka kuidai Serikali kwa shauri la kawaida la madai lazima kwanza atoe notisi ya siku 90. Hesabu mwenyewe: mwananchi mtiifu anayeanza kwa notisi hiyo, akiingoja iishe ndipo aamue kwenda Arusha, atafika pale siku 30 baada ya muda kwisha. Hakuzembea hata siku moja. Sheria 2 zimepishana juu ya kichwa chake, na hakuna aliyemwambia.

Waliowahi wapo. Sheria ya Huduma za Habari ya Tanzania ilisainiwa na Rais Novemba 2016. Baraza la Habari, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na Mtandao wa Watetezi wa Haki za Binadamu walifungua shauri Januari 2017, miezi 2 ikiwa haijatimia, na Machi 2019 mahakama ikatamka kwamba vifungu kadhaa vinakiuka Mkataba. Huko Loliondo, operesheni ya kuwaondoa watu ilianza Agosti 2017, na Septemba hiyohiyo vijiji vya Ololosokwan, Oloirien, Kirtalo na Arash vilikuwa vimekwisha kufungua shauri. Mwaka uliofuata vikapata zuio la muda. Shauri lao limepita kwenye mabonde na milima mingi tangu hapo, lakini lilisikilizwa. Vijiji hivyo vilikuwa na mawakili walioijua kalenda ya Arusha.

Basi tofauti kati ya waliosikilizwa na waliofukuzwa haikutokana na uzito wa madhila. Waliopigwa Mlima Elgon hawakuumia kidogo kuliko wenye magazeti. Kwa hiyo siwezi kukubali kwamba kuueleza utafiti huu kwa lugha ya watu ni kazi ya ziada, ya kufanywa bajeti ya mradi ikibaki. Kwa kanuni hii mahususi, kuelezwa mapema ndiko kunakoamua kama haki yako ipo.

Kikomo hiki kilitoka wapi

Maneno ya kifungu chenyewe yana asili, na asili yake inaeleza mengi. Katika Umoja wa Ulaya, anayetaka mahakama ya huko ifute uamuzi wa taasisi za Umoja ana miezi 2 tangu uamuzi uchapishwe, au ajulishwe, au kama hayo hayapo, tangu siku alipopata habari. Ukiziweka ibara hizo mbili kando kwa kando, utaona undugu wa maneno bila kuambiwa na mtu.

Lakini kule kanuni hiyo imezungukwa na mambo ambayo huku hayapo. Inahusu maamuzi ya taasisi za Umoja, haihusu polisi kumpiga raia wa nchi mwanachama. Na maamuzi yanayowahusu watu wote huchapishwa kwenye gazeti rasmi kwa lugha zote 24 za Umoja, kwa hiyo Mfini anasoma Kifini na Mreno Kireno. Sisi tulichukua saa bila kuchukua gazeti. Ibara ya 137 ya Mkataba wetu ilikifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi, na Kiswahili ikasemwa kitaendelezwa kiwe lugha ya mawasiliano ya Jumuiya. Hukumu nilizozitaja zote ziliandikwa kwa Kiingereza, ikiwemo ile iliyosema wananchi walipaswa kushirikishwa.

Afrika Magharibi walichagua njia nyingine: itifaki ya 2005 ya mahakama ya ECOWAS, jumuiya ya nchi za huko, inataja miaka 3. Nataja hilo ili mtu asidhani miezi 2 ni tabia ya asili ya mahakama za kikanda.

Jinsi ya kuieleza

Maandishi mengi ya kuielimisha jamii kuhusu Jumuiya huanza na vyombo: Mkutano wa Wakuu, Baraza la Mawaziri, Bunge, Mahakama, Sekretarieti. Halafu yanafuata hatua 4 za mtangamano: umoja wa forodha, soko la pamoja, umoja wa fedha, shirikisho. Ni maarifa sahihi, na mwanafunzi wa kidato cha 4 atayahitaji. Mtu mwenye shida hayawezi kumsaidia, kwa sababu yamepangwa kwa namna Jumuiya inavyojiona yenyewe.

Kosa baya zaidi ni la wale wanaorahisisha kwa kupunguza. Nimesoma vipeperushi vizuri, Kiswahili chake safi, vinavyosema mtu yeyote anayeishi katika nchi mwanachama anaweza kuishtaki Serikali yake Arusha, bila kupitia mahakama za nyumbani. Kisha vinaishia hapo. Miezi 2 imeachwa, nadhani kwa sababu inaonekana ni jambo la kiufundi la mawakili. Anayesoma kipeperushi hicho atakwenda nyumbani na imani kwamba Arusha ipo, itamsubiri akishindwa kwingine. Afadhali asingeambiwa kitu, maana angalau angemuuliza mtu.

Mtafiti anayetaka kazi yake iwafikie wasio wataalamu aanze na swali ambalo msomaji atakuwa nalo siku ya shida: nina muda gani? Nadharia ya ukiukwaji unaoendelea, mjadala wa mamlaka ya mahakama juu ya haki za binadamu chini ya Ibara ya 27, ulinganisho na Ulaya, vyote vina nafasi yake, baadaye. Mimi ningebandika kwenye ubao wa ofisi ya kijiji karatasi yenye maneno kama haya:

"Kama Serikali au taasisi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki imefanya jambo ambalo mnaona linavunja haki au utawala wa sheria, andikeni leo tarehe jambo hilo lilipotokea. Mna miezi 2 tangu tarehe hiyo kufungua shauri katika Mahakama ya Afrika Mashariki. Nyumba zikivunjwa tarehe 10 Machi, shauri liwe limefunguliwa kabla ya tarehe 10 Mei, na msingoje siku ya mwisho. Barua kwa mkuu wa wilaya haisimamishi hesabu. Notisi ya siku 90 haisimamishi hesabu. Kesi ya nyumbani haisimamishi hesabu. Jambo likiendelea kwa muda mrefu, hesabuni tangu siku ya kwanza. Mahakama iko Arusha, na ina masjala ndogo katika nchi wanachama kadhaa. Mwoneni wakili au msaidizi wa kisheria wiki hii, mkiwa na tarehe, majina ya mashahidi na nakala ya tangazo au agizo lolote mlilopewa. Mahakama hii kwa kawaida hutamka kama Mkataba umevunjwa. Msitegemee kwamba italipa fidia haraka."

Sentensi ya mwisho nimeiweka kwa makusudi. Kuna watu wangependa iondolewe ili wananchi wasikate tamaa. Lakini mtu anayeuza mbuzi ili apate nauli ya Arusha ana haki ya kujua anakwenda kutafuta nini.

Wanasheria niliowahi kujadiliana nao juu ya karatasi za namna hii hupinga kwa hoja ya haki kabisa: kifungu kina sehemu ya pili, inayohesabu tangu siku mlalamikaji alipopata habari, na karatasi yangu imeificha. Ni kweli ipo. Lakini kifungu kinaitaja kwa pale ambapo hakuna kuchapishwa wala kitendo cha kuhesabia, na baada ya Mlima Elgon na bomba la mafuta, sitamshauri mwanakijiji aegemee hapo. Wakili akiona kuna njia, ataitumia mahakamani. Karatasi ya ubaoni imwelekeze mtu kwenye tarehe salama.

Hoja yao nyingine naichukua bila kupunguza: karatasi ikiwa na kosa, inaumiza zaidi ya kutokuwepo. Kwa hiyo kila maandishi ya aina hii yasomwe kwanza na wakili anayefanya kazi katika mahakama hiyo, kisha yasomwe kwa sauti mbele ya watu wasio wanasheria, waulizwe watafanya nini kesho asubuhi. Wakijibu kwamba watamwandikia mkuu wa wilaya na kusubiri, karatasi irudi mezani.

Jumuiya sasa ina nchi 8, baada ya Somalia kujiunga 2024. Kongo, Sudan Kusini na Somalia ziliingia zikikuta Ibara ya 30 iko hivyo, na katika nchi hizo kuna watu wengi zaidi ambao ushahidi wao hauwezi kukusanywa ndani ya wiki 8. Mashariki ya Kongo Kiswahili kinasikika kila sokoni, kwa hiyo karatasi hiyohiyo, ikirekebishwa kidogo kufuata usemi wa Goma au Bukavu, inaweza kuvuka mpaka mwaka huu bila kungoja Mkataba ubadilishwe. Kuubadilisha Mkataba ni kazi nyingine. Siku itakapoanza, hukumu ya Septemba 2008 inasema wazi nani lazima aulizwe kwanza.